Maswali na Majibu: Simu, Meseji na Barua Pepe za Kughushi

Barua za mwezi huu zimetawaliwa na jambo moja: meseji, simu na barua pepe zinazoonekana zimetoka benki, kampuni ya simu au kwa ndugu, kumbe aliyetuma ni tapeli. Wengi mnauliza kwa nini simu haikuwaonya. Jina au namba inayotokea kwenye kioo imejazwa upande wa anayetuma. Simu yako haina njia ya kujua kama ni ya kweli. Kazi yake ni kuionyesha tu. Mkilishika hilo, majibu yote yanayofuata yatakuwa mepesi kueleweka.

Nina duka la rejareja Morogoro. Iliingia meseji ya kupokea shilingi 180,000, tena ikakaa pamoja na meseji zangu zote za kupokea pesa, jina lilelile. Dakika mbili baadaye akapiga kijana analia, eti kakosea namba. Nikamrudishia. Kumbe hakuna kilichoingia, na hela yangu ndiyo imekwenda. Meseji ya uongo iliingiaje mle?

Pole sana, mama. Meseji yenye jina badala ya namba haitoki kwenye simu ya kawaida. Hutumwa kwa kompyuta, kupitia kampuni zinazouza huduma ya kutuma meseji kwa wingi, na mtumaji hujaza mwenyewe jina litakaloonekana, herufi zisizozidi 11. Mtandao makini huzuia jina lisilosajiliwa. Singapore, kwa mfano, tangu mwisho wa Januari 2023 meseji ya namna hiyo humfikia mtu ikiwa na alama ya onyo. Kichujio kikiwa na tundu, jina la kughushi hupita. Simu yako nayo hupanga meseji kwa kuangalia jina peke yake, kwa hiyo ikiona jina inalolijua huichanganya ya tapeli na zile halali za miaka yote.

Ipo njia nyingine, ya mtambo unaobebwa garini na kujifanya mnara wa simu. Huzivuta simu zilizo karibu na kuzishusha hadi 2G, mtandao wa simu wa kizazi cha zamani, kwa sababu kwenye 2G mnara huihakiki laini lakini laini haiwezi kuuhakiki mnara. Mwaka 2024 polisi wa London waliwakamata watu kwa kosa la aina hii. Simu nyingi zenye Android 12 au toleo la baadaye zina sehemu ya kuzima 2G, kwenye mipangilio ya laini. Ijaribu ukiwa nyumbani kwanza, maana kuna vijiji ambavyo 2G ndiyo mtandao pekee, na ukiizima utabaki bila huduma.

Njia rahisi kuliko zote, na inayowanasa watu wengi wenye foleni dukani, ni meseji ya kuandika kwa mkono kutoka namba ya kawaida, iliyonakili maneno ya muamala neno kwa neno.

Zote tatu zinashindwa na kitu kimoja: salio. Usisome meseji, fungua menyu ya pesa wewe mwenyewe, weka namba ya siri, angalia salio na orodha ya miamala ya mwisho. Meseji inaweza kughushiwa, lakini salio linasomwa kwenye kumbukumbu za kampuni. Mawakala hasa wafanye hivi kabla ya kukabidhi noti, hata mteja akifoka kwamba mnamchelewesha.

Na hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe kwa kutuma upya. Mtu akishatumiwa na wewe anaweza bado kuiomba kampuni irudishe muamala wa kwanza, ukalipa mara mbili. Au ile hela imeibwa kwa mtu mwingine na wewe umeingizwa katikati. Mjibu hivi: "Piga huduma kwa wateja waurudishe muamala, mimi sitaigusa." Tanzania namba ya huduma kwa wateja ni 100. Kenya, aliyekosea kutuma M-PESA hupeleka meseji ya muamala wake kwenda 456. Mkosaji wa kweli ataifuata njia hiyo. Atakayeendelea kulia na kukuharakisha ameshajieleza.

Nilipigiwa na benki hapa Mombasa. Nikalinganisha namba na ile iliyo nyuma ya kadi yangu, ni ileile kabisa. Wakanisomea jina langu lote na namba ya kitambulisho. Je, bado anaweza kuwa tapeli?

Ndiyo, anaweza. Namba ya mpigaji husafiri pamoja na simu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na mitambo ya kuunganisha mitandao hiyo ilibuniwa wakati ambapo kampuni za simu zilikuwa chache na zinaaminiana. Anayepiga kwa intaneti kupitia mtoa huduma asiyejali anaweza kujaza namba yoyote kama yake. Marekani iliwataka wenye mitandao mikubwa, kufikia Juni 30, 2021, waanze kutia muhuri wa kidijiti kwenye simu ili mtandao unaopokea ujue kama namba ni ya kweli. Hata huko mianya haijazibika yote, na muhuri huo haupo kwenye kila simu inayovuka mpaka.

Jina lako na namba ya kitambulisho havithibitishi kitu. Vimeandikwa kwenye vitabu vya wageni vya majengo, fomu za mikopo, nakala ulizoacha kwenye maduka ya kuchapisha.

Safaricom imetangaza kwamba huwapigia wateja kwa 0722 000 000 tu, na Tanzania watu wameelezwa kwamba kampuni za simu hupiga kwa 100. Tangazo hilo ni zuri, ila litumieni upande mmoja. Akipiga mtu kwa namba nyingine akijiita kampuni, mkatae. Akipiga kwa namba hiyo hasa, hilo peke yake lisikufanye umwamini.

Kinachotosha ni kukata na kupiga wewe. Ukipiga namba iliyoghushiwa, simu yako inakwenda kwa mwenye namba halisi, yaani benki yenyewe, kwa kuwa tapeli ameazima sura ya namba na hana laini yake. Andika tarakimu kwa mkono ukiangalia kadi. Usibonyeze kiungo alichokutumia wala usikubali "nakuunganisha na kitengo cha usalama". Wasomaji wetu walioko Uingereza wanaweza kupiga 159, ambayo huwaunganisha na benki zao moja kwa moja kwa benki nyingi za kule.

Jingine ambalo watu hulipuuza: msimbo wa tarakimu unaoingia kwenye meseji huja na maelezo. Usome wote. Mara nyingi umeandikwa wazi kwamba ni wa kuidhinisha malipo ya kiasi fulani au kuingiza kifaa kipya kwenye akaunti. Mtu aliye kwenye laini atakwambia ni wa "kuzuia wizi". Iamini meseji, na msimbo huo usimsomee yeyote.

Watu wasiowafahamu wananipigia na kunitukana kwamba nimewatapeli. Sijawahi kuwapigia. (Msomaji wa Mwanza)

Kuna mambo mawili yanayowezekana. Huenda tapeli anaionyesha namba yako anapopiga. Hapo huna kosa, na kwa kawaida hubadilisha namba baada ya siku chache. Au kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Piga *106# uone namba zote zilizo chini ya jina lako, na kama kuna usiyoitambua nenda duka la kampuni husika ifutwe. Ukiwajibu wanaokutukana, waombe kwa upole waitume namba hiyo kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na wafuate maelekezo. Itakusaidia kuwe na kumbukumbu.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya utalii Arusha. Hoteli tunayofanya nayo kazi ilituandikia kuwa imebadili akaunti ya benki. Anwani ileile, nembo ileile, na mazungumzo yetu ya nyuma yote yapo chini ya barua. Nilisita, nikawapigia, wakashangaa. Siku nyingine nitatambuaje? Na je, mtu anaweza kuandika kwa jina letu?

Kupiga kwako simu kumeokoa malipo hayo. Barua pepe za aina hii ni za namna nne, na kila moja ina kipimo chake, ndiyo maana mtu huangalia moja akaridhika mapema.

Namna ya kwanza ni jina tu. Tapeli ana anwani yake ya bure, ila pale pa jina ameandika jina la meneja wa hoteli. Programu za simu huficha anwani na kuonyesha jina. Liguse jina, anwani itajitokeza.

Ya pili ni kikoa (sehemu ya anwani inayofuata @) kinachofanana: "rn" mahali pa "m", herufi moja imerudiwa, au .co peke yake badala ya .co.tz. Hapa vipimo vyote vya kitaalamu vitasema barua ni safi, kwa sababu kikoa hicho ni mali yake aliyokinunua kihalali. Nakili anwani, ibandike mahali penye mwandiko tofauti, kisha isome herufi kwa herufi.

Ya tatu ni anwani halisi iliyoghushiwa. Utaratibu wa barua pepe tunaoutumia uliandikwa mwaka 1982 bila ukaguzi wowote wa mtumaji. Kama bahasha ya posta, anayetaka aliandika jina lolote kwa nyuma. Baadaye viliongezwa vipimo vitatu. SPF hutaja ni mitambo gani inaruhusiwa kutuma kwa kikoa fulani, DKIM hutia barua sahihi ya kidijiti, na DMARC huhakikisha kwamba anwani unayoiona wewe ndiyo iliyopita SPF au DKIM. Kwenye Gmail ya kompyuta fungua barua, bonyeza vidoti vitatu, chagua "Show original". Juu utaona matokeo ya vipimo hivyo. Anza na DMARC. Wengi huona SPF imepita wakaridhika, lakini SPF hukagua anwani ya kurudishia barua ambayo huioni, na tapeli huweka yake pale.

Ya nne ndiyo tunayoishuku katika kisa chako, kwa sababu mazungumzo ya nyuma yalikuwepo. Sanduku la barua la hoteli limeingiliwa, au lenu. Barua imetoka mahali pake halali na hakuna kipimo kitakachoikamata. Kila upande ubadili neno la siri, utoe vifaa vyote vilivyoingia, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha kagueni vichujio na kanuni za kusogeza barua. Tapeli akiingia huacha kanuni inayopeleka nje kila barua yenye neno "invoice" au inayoficha majibu ya mteja kwenye folda isiyofunguliwa. Ukibadili neno la siri na kanuni hiyo ikabaki, anaendelea kusoma.

Msione haya kwamba mlikaribia kulipa. Kati ya 2013 na 2015 Mlithuania Evaldas Rimasauskas alisajili kampuni Latvia yenye jina la Quanta Computer ya Taiwan, akazitumia Google na Facebook ankara za uongo, wakalipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa kifungo cha miaka 5 New York, Desemba 2019.

Kwa hiyo wekeni utaratibu ulioandikwa: mabadiliko yoyote ya akaunti yanathibitishwa kwa simu, kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani na siyo iliyo chini ya barua hiyo, na wawili wanasaini. Kutuma kiasi kidogo cha majaribio hakusaidii, maana tapeli ndiye atakayejibu kwamba imefika.

Swali lako la pili ni zito kwa kampuni za utalii, kwa kuwa wageni hulipa amana wakiwa mbali na hawajawahi kuiona ofisi. Ndiyo, kikoa kisicholindwa kinaweza kutumiwa na yeyote. Aliyewauzia huduma ya kikoa aingize rekodi hizi za maandishi, aina ya TXT.

SPF kwanza. Kama barua zenu ziko Google ni "v=spf1 include:_spf.google.com -all". Rekodi ya SPF iwe moja tu kwa kikoa. Zikiwa mbili zote huharibika, na hilo ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kampuni inapohama mtoa huduma. Isihitaji kuuliza rekodi za majina mengine zaidi ya mara 10. Kisha washeni DKIM kutoka kwenye paneli ya mtoa huduma.

Ya mwisho huwekwa kwenye jina _dmarc: "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@kampuniyenu.co.tz". Kwa p=none hakuna kinachozuiwa, mnapokea ripoti tu. Zisomeni kwa wiki tatu au nne, mtagundua fomu ya kubuking kwenye tovuti au huduma ya majarida inayotuma kwa jina lenu bila idhini kwenye SPF. Irekebisheni, kisha nendeni p=quarantine (barua za kughushi zitupwe kwenye spam), na hatimaye p=reject (zikataliwe kabisa). Kampuni nyingi hubaki p=none miaka na kuamini zimelindwa. Kama mna kikoa cha zamani kisichotuma barua kabisa, kipeni "v=spf1 -all" na p=reject siku hiyohiyo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinadai rekodi hizi kwa wanaotuma barua kwa wingi kwenye masanduku yao (kwa Google, kuanzia barua 5,000 kwa siku), lakini kampuni ndogo nayo inazihitaji.

Nitajuaje kiungo ni cha kweli? Kilikuwa na alama ya kufuli. (Mwanafunzi, Zanzibar)

Kufuli linamaanisha hakuna anayesikiliza katikati. Tapeli hulipata bure kwa dakika chache. Soma hivi: baada ya https:// tafuta mkwaju (/) wa kwanza, kisha rudi kushoto. Vipande viwili vya mwisho, au vitatu kwa .co.tz, .go.tz na .co.ke, ndivyo mwenye tovuti. Katika https://benkiyangu.co.tz.thibitisha-akaunti.com/ingia mwenyewe ni thibitisha-akaunti.com, yaliyotangulia ni mapambo. Macho pia yana mipaka: mwaka 2017 mtafiti alionyesha anwani iliyosomeka "apple" kamili, kumbe herufi zote ni za Kisirili, mwandiko unaotumika kwa Kirusi. Programu ya kutunza maneno ya siri haidanganyiki na sura. Ikikataa kujaza neno lako kwenye ukurasa uliozoea, simama hapo.

Mwanangu yuko Muscat. Ilikuja sauti yake WhatsApp kwa namba mpya ya Oman, picha yake ipo, anataka laki nne haraka. Nimemlea mwenyewe, sauti yake naijua. Mjukuu akanizuia. Inawezekanaje? (Mzee wa Tanga)

Shikamoo, mzee wetu. Mjukuu amefanya vyema. Siku hizi programu za kompyuta huiga sauti ya mtu kwa kusikiliza kipande kifupi tu, na vipande hivyo viko kwenye video na stetasi wanazoweka vijana. Picha hunakiliwa kwa kugusa mara moja. Na namba ya +968 haithibitishi kwamba mtu yuko Oman.

Mpigie kwenye namba yake ya zamani. Asipopokea, mpigie mke wake au anayeishi naye. Kaeni kama familia mchague neno moja la siri, mliambiane ana kwa ana au kwa simu uliyoipiga wewe, lisiandikwe mahali popote. Anayeomba pesa alitaje kwanza. Na kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji linalotokea. Tapeli atasema "ni laini ya rafiki yangu". Hapo usitume.

Mwambie na kijana alinde akaunti yake, kwa kuwa mara nyingine sauti na namba ni vyake kweli, akaunti ndiyo imeibwa. Hutokea mtu akimpa mwingine msimbo wa tarakimu 6. Au akishawishiwa kupiga **21* ikifuatwa na namba na #, "kurekebisha mtandao". Amri hiyo huhamisha simu zake zote kwenda kwa tapeli, naye huiomba WhatsApp imsomee msimbo kwa kupiga. Kukagua ni *#21#, na ##002# hufuta uhamisho wote kwenye mitandao mingi. Aweke pia PIN ya hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti, na aangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Akishaibiwa, asajili upya namba yake kwa msimbo mpya. Tapeli atatolewa papo hapo. Kama mwizi aliweka PIN, mwenyewe atasubiri siku 7 kuingia, lakini mwizi atakuwa nje.

Nishatuma pesa na PIN nimetaja. Nianze wapi? (Nakuru)

Anza na pesa, mambo ya ushahidi yafuate. Piga huduma kwa wateja sasa hivi uombe kiasi kizuiwe kwa mpokeaji; ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu. Badili PIN. Piga benki iliyounganishwa na laini. Laini ikikosa mtandao ghafla wakati wenzako wa kampuni hiyohiyo wanaupata, huenda imehamishiwa kadi nyingine: tumia simu ya jirani uifunge. Laini ikiwa salama na ni ya Safaricom, *100*100# huizuia isibadilishwe bila wewe.

Usifute kitu. Piga picha za kioo zenye namba, saa na namba ya muamala, kisha nenda polisi uandikishe OB; Tanzania utapewa RB. Namba ya tapeli itume 333 kwa Safaricom. Makosa haya yana sheria, Kenya ya mwaka 2018 na Tanzania ya mwaka 2015, lakini faili lisilo na namba ya muamala halisogei.

Siku chache baadaye unaweza kupigiwa na mtu anayekijua kiasi ulichopoteza, akijiita mpelelezi au wakili, pesa imepatikana, inahitajika ada ndogo kuifungua. Ni tapeli yuleyule, au amemuuzia mwenzake namba yako. Kata, kisha piga kituo ulikoandikisha uulize kama faili lako limepewa mtu na anaitwa nani.